Ukiachana na king'amuzi, nani atapanga ratiba ya sebuleni?

Saa 2:00 kamili usiku bibi alikuwa ameketi mahali pake pa siku zote, kochi la pembeni karibu na mlango. Amekwisha kula, amekwisha kuswali, miwani ipo puani.

"Mjukuu wangu, niwekee taarifa ya habari," akamwambia kijana wa kidato cha pili.

"Ipi, bibi? Hapa zipo nyingi."

"Ya saa mbili."

Kijana akachukua rimoti mpya, ile isiyo na namba hata moja, akatafuta "taarifa ya habari". Ikatokea orodha ndefu ya video. Akachagua ya juu kabisa, akarudi kwenye daftari lake. Bibi akatazama mafuriko ya Rufiji, maji yamefika madirishani, watu wanavushwa kwa mitumbwi. Akashika kichwa. Akachukua simu kuwapigia ndugu zake wa huko awape pole.

Ndugu wakashangaa. "Mafuriko gani, dada? Yale ya 2024?"

Nyumba nzima ilicheka, na bibi mwenyewe akacheka. Lakini kesho yake hakuomba tena kuwekewa habari. Alipomaliza kula alichukua redio yake ndogo, akaingia chumbani.

Familia hii inaishi Tabata, Dar es Salaam. Yupo baba, mama, watoto watatu, bibi mzaa baba na dada wa kazi. Wiki mbili kabla ya usiku huo walikuwa wameachana na king'amuzi na kuhamia kwenye kijiti kinachochomekwa nyuma ya TV na kuleta picha kwa intaneti. Nyumba nyingi mjini zinafikiria jambo hilohilo, na nyingine zimekwisha kulifanya kimyakimya, dishi limebaki juu ya bati kunguru wanalitumia.

Uamuzi wao haukuwa wa kukurupuka. Walikuwa na ving'amuzi viwili. Kimoja cha Ligi Kuu ya hapa nyumbani, kingine cha sinema na mpira wa Ulaya. Kila mwezi kimojawapo kilikatika katikati ya jambo, na kila mara aliyekimbilia simu kulipia alikuwa mama, kwa sababu ndiye mwenye namba ya kadi kichwani. Siku moja akakaa na kuandika kwenye karatasi fedha zote walizolipa tangu Januari, kisha akaandika chaneli ambazo familia inaziangalia kweli. Hazikufika kumi. Karatasi ile ndiyo iliyomshawishi baba, si maneno ya kijana wake aliyekuwa akiimba habari za kijiti tangu likizo.

Wazazi wa rika lao wanakumbuka jinsi king'amuzi kilivyoingia ndani ya nyumba zao. Desemba 31, 2012 mitambo ya analojia ilizimwa Dar es Salaam, na TV iliyokuwa ikishika vizuri kwa antena iliyofungwa kwenye mti ikabaki na chenga. Watu walinunua king'amuzi kwa kulazimika. Safari hii hakuna anayelazimishwa, ndiyo maana ni rahisi kuhama bila kukaa chini na kuzungumza.

Kilichoisumbua familia ya Tabata si kijiti chenyewe. Kijiti kinafanya kazi yake. Tatizo ni kwamba king'amuzi, pamoja na kero zake zote, kilikuwa na kazi moja ambayo hakuna aliyeiona wala kuishukuru: kilikuwa kinapanga ratiba ya nyumba.

Katuni zilikuwa zinaisha. Tamthilia ilikuwa na siku zake na saa yake. Saa 2:00 usiku watoto walijua rimoti ni ya bibi, hawakuhitaji kuambiwa. Mtoto mdogo alikwenda kulala kwa sababu kipindi chake kimekwisha, na mama hakuonekana mbaya. Kijiti hakina saa. Katuni ikiisha, nyingine inaanza yenyewe kabla mtoto hajageuza shingo.

Binti wa miaka minne ndiye aliyeonyesha tofauti kwanza. Zamani alikuwa analia kidogo kipindi chake kinapoisha, kisha anasahau. Sasa alikuwa akimlilia mama, kwa sababu ni mama anayezima. Ndani ya siku kumi alijifunza kuamka saa 11 alfajiri, kuburuta kigoda hadi kwenye meza ya TV na kubonyeza kitufe cha kuwashia. Baba alimkuta siku moja akienda msikitini, sebule giza, mtoto amekaa nusu mita kutoka kwenye kioo.

Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake mwaka 2019 kwa watoto wa chini ya miaka mitano. Mtoto wa chini ya miaka miwili haishauriwi akalishwe mbele ya kioo. Wa miaka miwili hadi minne asizidishe saa moja kwa siku, na ikipungua ni bora zaidi. Mama wa Tabata alipoanza kuhesabu saa za binti yake, aliacha kuhesabu kabla ya saa ya chakula cha mchana.

Wa kati, wa darasa la tano, hakuwa na kelele. Huyo ndiye aliyestahili kuangaliwa zaidi. Kijiti kilifunguliwa kwa akaunti ya baba, na akaunti ya baba ilifungua kila kitu. Siku mama alipojifunza kuangalia historia ya vilivyotazamwa, alikuta filamu ya kutisha ya watu wazima iliyoanza saa 7:10 usiku. Hakupiga kelele. Alimwuliza mtoto kama anaota ndoto mbaya, naye akasema ndiyo, tangu wiki iliyopita.

Bando la mwezi liliisha siku ya tisa

Walinunua bando walilodhani kubwa, wakaliweka kwenye rauta ndogo ya laini. Siku ya tisa picha ikaanza kuzunguka, kisha ikasimama. Baba akalaumu mtandao. Kwa kweli mtandao haukuwa na kosa siku hiyo.

Hesabu yake si ngumu, na kila mzazi aifanye kabla ya kununua chochote. Netflix yenyewe inaeleza kwamba picha ya kiwango cha chini inakula takribani GB 0.3 kwa saa, ya kawaida hadi GB 0.7, ya HD hadi GB 3, na ya 4K hadi GB 7. TV ikiwaka saa tatu tu kwa siku, kwa mwezi ni saa 90. Kwa kiwango cha chini hizo ni GB 27. Kwa HD zinaweza kufika GB 270. Nyumba ni ileile, filamu ni zilezile, tofauti ni kitu kimoja ndani ya mipangilio ambacho hakuna aliyekigusa.

Na saa tatu ni kwa nyumba yenye nidhamu. Nyumba yenye mtoto wa miaka minne, dada anayependa muziki akipiga pasi, na kijana aliye likizo haiishii hapo.

Kwa hiyo bando la GB la kuhesabika halifai kwa kijiti, labda kama TV inawashwa Jumamosi na Jumapili tu. Kinachofaa ni intaneti ya nyumbani ya kulipia mwezi bila kikomo, iwe ya faiba au ya rauta, na gharama hiyo ndiyo ilinganishwe na vifurushi vya king'amuzi, si bei ya kijiti. Wengi hulinganisha vibaya. Wanaona kijiti kinalipiwa mara moja, wanasahau kwamba maji ya bomba hayaji kwa sababu umenunua koki.

Kasi nayo iangaliwe. Kwa picha safi ya HD kamili Netflix inashauri megabiti 5 kwa sekunde, kwa 4K megabiti 15. Megabiti 5 ni za TV moja. Ikiwa wakati huohuo simu tatu ziko hewani, TV ndiyo itakayokwama, na kila mtu atapiga kelele isipokuwa mwenye simu. Kabla ya kulipia, mwulize jirani wa nyumba ya pili anatumia intaneti gani na usiku inakuwaje. Jibu lake lina thamani kuliko tangazo lolote.

Upande wa kifaa mambo ni mepesi zaidi. Angalia kwanza kama TV yako si runinga janja tayari. Wapo walionunua kijiti kuleta YouTube kwenye TV yenye YouTube. Kama ni TV ya chogo, haina tundu la HDMI, kijiti hakitaingia bila kifaa kingine cha kubadili mawimbi, na picha yake haitapendeza. Kijiti kichomekwe umeme wa ukutani kwa chaja yake. Ukikiwasha kwa tundu la USB la TV, mara nyingi umeme hautoshi, kinajizima na kujiwasha, na utakirudisha dukani bure.

Na ukisikia kiboksi kinachotoa "chaneli zote za dunia bila kulipia", pita. Pamoja na kwamba ni wizi wa kazi za watu, kina hatari nyingine. Juni 2025 polisi wa upelelezi wa Marekani, FBI, walitoa onyo kwamba baadhi ya vifaa vya bei rahisi vya intaneti, vikiwamo viboksi vya TV, vinauzwa vikiwa tayari na programu hasidi ndani, au huambukizwa pale mnunuzi anapopakua programu anazoelekezwa mwanzoni. Mojawapo ya dalili walizotaja ni kifaa kutangazwa kwamba kinafungua vitu vya bure. Kifaa hicho kinakaa kwenye intaneti moja na simu ambayo mama anafanyia miamala. Bora kununua kijiti cha jina linalojulikana, hata kama ni cha toleo la zamani.

Baba akaanza kuchelewa kurudi

Kitu ambacho hakuna aliyekifikiria ni mpira. Kijana alikuwa amesema "kila kitu kipo mtandaoni", na kwa sinema ilikuwa kweli. Mpira una mwenyewe. Haki za kuonyesha Ligi Kuu Tanzania Bara zilinunuliwa na Azam Media kwa mkataba wa miaka 10 uliosainiwa mwaka 2021, wa Sh225.6 bilioni. Aliyelipa fedha hizo hawezi kuziweka bure kwenye kijiti. Ana programu yake ya intaneti, lakini nayo inalipiwa. Ligi ya England ni vivyo hivyo kwa mwenye haki zake.

Baba hakulalamika. Siku ya mechi alibadilisha njia tu, akitoka kazini anapitia kibanda umiza cha mtaa wa pili. Mechi ikiisha kuna mazungumzo ya mechi, na mazungumzo yakiisha kuna mtu wa kumnunulia soda. Zamani alikuwa anatazama nyumbani, kijana upande huu, bibi upande ule akiuliza kwa nini refa amepuliza filimbi. Sasa alikuta wote wamelala.

Mama alivumilia Jumatano mbili. Jumamosi alipokuwa anasuka nywele za binti akasema, bila kupandisha sauti, "Tumeokoa fedha ya kifurushi, tumempoteza baba na bibi." Kijana akadhani anatania. Hakuwa anatania.

Jioni ile walikaa wote sebuleni na TV imezimwa, jambo ambalo lilimshangaza binti mdogo kuliko wote. Hawakuitupa kijiti. Wakaamua kimoja kati ya ving'amuzi viwili kirudi, kile cha ligi ya nyumbani, kwa kifurushi cha chini chenye mechi na chaneli za habari. Cha pili kikauzwa kwa jirani. Ukipiga hesabu, wanalipa kidogo pungufu ya zamani, si pungufu sana. Familia isiyo na mpira na isiyo na mzee wa habari ingeweza kuacha vyote. Nyingine ingetosheka na king'amuzi cha antena, ambacho kwa kawaida huendelea kuonyesha chaneli za bure za hapa nchini hata malipo yakiisha. Hilo la chaneli za bure wengi hawalijui, au wamelisahau, na linastahili kujaribiwa kabla ya kumpa mtu king'amuzi cha zamani.

Kisha wakageukia kijiti. Ilichukua jioni moja, tena kwa simu ya kijana, kwa sababu ndiye anayejua pa kubonyeza. Hapo mzazi asione haya: mwache mtoto afundishe, lakini namba ya siri andika mwenyewe.

Walifungua wasifu tofauti. Wa watoto ukawekwa kiwango cha umri, wa watu wazima ukafungwa kwa namba ya siri ya tarakimu nne. Kule kuendelea kwa kipindi kinachofuata chenyewe kukazimwa, kwenye Netflix na kwenye YouTube, kila moja ina mahali pake ndani ya mipangilio. Hilo peke yake lilirudisha kitu kilichopotea: katuni ikaanza kuisha tena. Kwa mdogo wakaweka YouTube Kids badala ya YouTube ya wakubwa, na wakapima muda kwa saa ya ukutani. Ubora wa picha ukashushwa hadi wa kawaida. Kwenye TV yao ya inchi 32, kutoka kwenye kochi, hakuna aliyeona tofauti, ingawa kijana anasema yeye anaiona.

Wakakumbuka pia mtu ambaye nyumba nyingi humsahau. Dada wa kazi ndiye anayekaa na watoto tangu asubuhi hadi jioni, na ndiye mwenye rimoti mchana kutwa. Hakuna aliyekuwa amemweleza lolote. Alikuwa anawasha katuni ili apate kupika, jambo ambalo mama angelifanya pia. Walipomwelekeza saa moja ya mtoto inaanza lini na inaisha lini, alikuwa na wazo zuri kuliko yao: iwe saa ya kupika chakula cha mchana, kwa sababu ndipo moto na mafuta vinapokuwa jikoni na mtoto anatakiwa kukaa mbali. Ikapita bila kupingwa.

Ubishi ulikuwa kwenye namba ya siri. Mama aliweka mwaka wa kuzaliwa kijana, na kijana akaifungua mbele yao kwa jaribio la kwanza. Baba akaweka ya kwake, kijana akaifungua kwa jaribio la tatu. Mwisho bibi akaomba rimoti. Akawaambia wote wageuke. Akabonyeza namba nne taratibu, akairudia kama TV ilivyomwelekeza, akaiandika kwenye kikaratasi na kukifunga kwenye pindo la kanga.

Mpaka leo hakuna anayejua ni mwaka gani ule. Si wa Uhuru, walikwisha kuujaribu.

Ijumaa iliyopita wa darasa la tano alimfuata bibi akiwa na filamu yake tayari, ya kuku wanaozungumza, imeandikwa wazi kwamba ni ya watoto, ila ipo kwenye wasifu wa wakubwa. Ilikuwa saa 2:00 kasoro dakika tano. Bibi alitazama saa ya ukutani, akamsogezea nafasi kwenye kochi.

"Kaa hapa kwanza," akamwambia. "Tukimaliza habari nitakufungulia."

Mtoto akakaa. Mjadala ulipofika kwenye bei ya mchele, alimwuliza bibi kwa nini inapanda, na bibi akaanza kueleza tangu mbali, enzi za maduka ya ushirika, huku baba aliyekuwa anavua viatu mlangoni akiongeza yake.